Waliojaribiwa Kwanza Walikuwa Wanaume

Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walianza kuandikisha wagonjwa kwa jaribio kubwa la dawa za moyo. Miongoni mwa dawa hizo ilikuwamo estrojeni, homoni ya kike. Walioandikishwa walifika 8,341. Mwanamke hakuwamo hata mmoja.

Nimeifuata njia hii ya utafiti kwa kurudi nyuma, na kila nikifika hapo husimama. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Wanaume walikuwa wakianguka kwa mshtuko wa moyo wakiwa na miaka arobaini na kitu, na wake zao ndio waliobaki kuwazika. Kama siri imo kwenye homoni, kwa nini mwanamume naye asipewe? Wakapewa. Matiti yakawavimba, hamu ya tendo la ndoa ikapungua, na mioyo haikupona. Dozi kubwa ilisimamishwa 1970, ndogo 1973.

Vidonge vya estrojeni hiyo, vilivyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba na kuuzwa Marekani tangu 1942, viliendelea kumezwa na wanawake waliokoma hedhi. Nao walikuwa na sababu. Katika mji wa Framingham, Massachusetts, ambako wakazi wamekuwa wakipimwa tangu 1948, ilionekana kwamba mwanamke aliyekoma hedhi huingia kwenye hatari kubwa zaidi ya moyo kuliko mwenzake wa umri uleule anayeendelea kuipata.

Wakati huo jibu la jinsi homoni inavyougusa moyo lilikuwa likichungulia kutoka chumba kingine kabisa. Huko Brooklyn, Robert Furchgott alikuwa akichunguza vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Siku moja ya mwaka 1978 fundi wake wa maabara alikosea mpangilio wa kazi, na mshipa ambao siku zote ulikazwa na dawa waliyoitumia, ukalegea. Katika kulifuatilia kosa hilo Furchgott aligundua kwamba miaka yote alikuwa akikwangua, bila kujua, utando mwembamba wa ndani ya mshipa. Kumbe utando huo ndio unaotoa amri ya kulegea. Amri yenyewe ni gesi, nitriki oksaidi. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1998, pamoja na wenzake wawili. Kwangu mimi, fundi yule alistahili walau karamu.

Baadaye ilithibitika kwamba estrojeni huusukuma utando huo utoe gesi zaidi. Ovari zikipunguza kazi, msukumo hufifia. Ndiyo maana wanaume huanza kupoteza wepesi wa mishipa karibu na miaka arobaini, ilhali wanawake huchelewa hadi mwanzoni mwa hamsini, kisha huteremka kwa kasi.

Mambo yakaonekana yamekwisha. Hata hivyo, mwaka 1985 toleo moja la jarida la tiba lilichapisha tafiti mbili: wauguzi waliotumia homoni walikuwa na karibu nusu ya hatari ya wenzao; wanawake wa Framingham walioitumia walikuwa na hatari zaidi. Wengi wakaamini wauguzi.

Julai 2002 jaribio la wanawake 16,608 likasimamishwa. Homoni ya mchanganyiko haikuwa imewakinga. Mshtuko wa moyo, kiharusi na saratani ya matiti viliongezeka. Mamilioni wakatupa vidonge. Wachache tu walitazama umri: wastani ulikuwa miaka 63, na wengi walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma.

Thomas Clarkson wa North Carolina alikuwa ameshaliona hilo kwa tumbili. Waliopewa estrojeni mara tu baada ya kutolewa ovari, ateri zao za moyo zilikingika dhidi ya mafuta yanayojijenga ukutani. Waliocheleweshwa miaka miwili, ambayo ni kama sita ya binadamu, hawakufaidika. Utando wa ndani ya mshipa ukishaharibika hauitikii tena wito wa homoni, na mafuta yaliyokwisha kujijenga ukutani yanaweza hata kuchochewa yapasuke.

Wanawake 643 wakajaribiwa kwa kugawanywa kwa muda: waliokoma hedhi chini ya miaka sita, na waliopita kumi. Matokeo yakatoka 2016. Kwa kundi la mwanzo, kuta za ateri za shingo zilinenepa polepole zaidi kwa waliopewa homoni. Kwa la pili, hakukuwa na tofauti. Ila walipopiga picha za ateri za moyo wenyewe, hawakuona tofauti katika kundi lolote.