Hukumu ya Oduor (Kenya, 2019)

Hukumu ya Oduor ni uamuzi uliotolewa na majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya tarehe 14 Machi 2019, katika kesi ya Boniface Oduor dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kesi ilitokana na marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Benki. Kifungu cha 33A kiliitaka benki imweleze mkopaji gharama na masharti yote kabla ya kumpa mkopo. Cha 33B kiliweka ukomo wa riba, yaani asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu, na kukiuka kukawa kosa la jinai.

Majaji walibatilisha ukomo huo kwa sababu maneno yake, yakiwemo hayo ya kiwango cha msingi, hayakuwa na maana iliyo wazi, wakalipa Bunge miezi 12 kuyarekebisha. Novemba 2019 kifungu cha 33B kikafutwa kabisa. Wajibu wa kueleza gharama ukabaki.

Wajibu wa aina hiyo ndio wenye uzito zaidi kwa mkopaji mdogo, hata upande wa Tanzania. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha, hata mtu binafsi, awe na leseni au usajili, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili wasiopokea amana. Lakini asilimia peke yake haitoshi. Mkulima wa Samuye, Shinyanga, akikopa shilingi 500,000 kwa miezi 12, riba ikikokotolewa kila mwezi juu ya mkopo wote wa awali atalipa riba ya 210,000. Ikikokotolewa juu ya deni lililobaki, huku akipunguza mkopo kwa mafungu sawa, atalipa 113,750. Mikataba yote miwili itasomeka 3.5.

Hapo ndipo mikopo ya riba kubwa inayoitwa kausha damu inapowaumiza watu, wakulima na wachimbaji wadogo wa Geita wakiwemo. Wapo pia wanaokopesha kwa simu: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Msomaji anayekwenda kukopa adai jumla ya marejesho kwa shilingi, iandikwe kwenye mkataba kabla hajatia saini, na nakala abaki nayo.