Farasi achoke au asichoke?

Kuna hoja haifi miongoni mwa wapenzi wa gemu: kama kuna mazimwi na wachawi, uhalisia wa nini tena? Jamaa anarusha moto kwa mkono, wewe unalalamika kwamba farasi wake hachoki! Watu hucheka, mjadala unafungwa. Mimi naona haujafungwa.

Mwaka 1997 ilitoka Ultima Online, gemu ambayo maelfu waliicheza pamoja kwa intaneti. Watengenezaji walitaka pori lenye maisha yake: kondoo ale majani, mbwa mwitu amle kondoo. Wazo tamu. Wachezaji wakaingia na kuua kila kilichotembea, pori likashindwa kujijaza. Mfumo ukaondolewa, na kwa kuwa haukuwa umewagusa wachezaji, hawakuona tofauti.

Sasa njoo Septemba 2005, ndani ya World of Warcraft. Kampuni ya Blizzard ilifungua hekalu jipya, Zul'Gurub, lenye mungu wa damu aitwaye Hakkar. Huyu aliwaambukiza wapiganaji maradhi ambayo yalipaswa kuishia humo humo. Lakini wawindaji walikuwa na wanyama wao. Unamficha mnyama aliyeambukizwa, unamwita tena ukiwa mjini. Basi, yakatoka. Wauza duka wanaoendeshwa na kompyuta waliyabeba bila kufa. Wachezaji wachanga walikufa kwa sekunde chache, mitaa ikajaa mifupa. Wapo waliojitolea kutibu wenzao, waliokimbilia porini, waliosambaza makusudi. Na wapo waliokwenda kuchungulia tu (waandishi wenzangu, mnajijua). Karantini ilishindikana, ikabidi Blizzard ianzishe seva upya na kurekebisha programu.

Uhalisia huo hakuna aliyeupanga. Michoro yenyewe ilikuwa kama katuni. Cha kweli kilikuwa kwamba kitendo kimoja kilizaa kingine, na kila mtu alikuwa na kitu cha kupoteza. Kwa hiyo farasi na achoke, ndugu zangu, iwapo kuchoka kwake kutanilazimisha nipange safari. La sivyo, muacheni akimbie.

Wanasayansi waliliona hilo mapema. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kisa hicho katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases. Covid-19 ilipofunga miji mwaka 2020, kikaanza kusimuliwa upya, safari hii na watu ambao hawajawahi kushika gemu.