Nauli ya Kwenda na Kurudi

Mwaka 1911 kijana wa Denmark, Niels Bohr, aliyekuwa ametunukiwa shahada ya udaktari mwaka huo huo, aliabiri kwenda Uingereza, na masurufu ya safari yake yalitoka katika Wakfu wa Carlsberg, ambao mwenye kiwanda cha bia cha jina hilo aliuweka mwaka 1876 kwa ajili ya kuitumikia elimu. Alifikia Cambridge kwa J. J. Thomson, mvumbuzi wa elektroni, lakini huko hakupata masikizano aliyoyatumaini. Basi mwezi wa Machi 1912 akahamia Manchester kwa Ernest Rutherford, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amedhihirisha ya kuwa atomu ina kiini kidogo, kizito, katikati yake. Alikaa huko kiasi cha miezi minne tu. Karatasi chache alizomwandikia Rutherford kabla ya kurejea kwao ndizo zilizozaa, mwaka 1913, ile nadharia ya atomu ambayo wanafunzi wetu wangali wakiisoma shuleni hata leo. Kwa hesabu ya fedha safari ile ilikuwa ndogo. Kwa hesabu ya elimu, sijui kama imepata kutokea biashara yenye faida kuliko hiyo.

Baada ya vita vikuu vya kwanza jambo hili la kuwalipia wataalamu nauli lilipata utaratibu. Mwaka 1923 mali ya ukoo wa Rockefeller, iliyochumwa katika mafuta, iliianzisha Halmashauri ya Kimataifa ya Elimu, na kwa fedha zake Werner Heisenberg alikwenda Copenhagen kwa Bohr, naye Enrico Fermi akatoka Italia mwaka 1924 kwenda Leiden, kwa Paul Ehrenfest, akakaa miezi mitatu. Fermi alikuwa na umri wa miaka 23, na alikuwa ameanza kujitilia shaka, kwa kuwa kwao hakuwa na mtu wa kumpima. Ehrenfest akamsikiliza, akamthibitishia ya kuwa kipaji chake si cha kawaida, na kijana akarejea kwao moyo umetulia. Hilo peke yake lilitosha kuihalalisha nauli.

Hata hivyo, hao wote walitoka katika nyumba yenye taa wakaingia katika nyumba nyingine yenye taa. Aliyeona giza lilivyo ni Abdus Salam.

Salam alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Punjab, akapelekwa Cambridge mwaka 1946 kwa ufadhili, na huko akapata sifa kubwa mapema. Mwaka 1951 akarejea Lahore kuwa profesa wa hisabati, naye alikuwa amenuia kwa dhati kuanzisha madrasa ya utafiti katika nchi yake ya Pakistan, iliyokuwa changa. Wakubwa wake wa kazi wakamwambia aisahau habari ya utafiti; afundishe, na zaidi ya hayo achague mojawapo ya kazi tatu: kuangalia bweni la wanafunzi, kutunza hesabu za fedha, au kusimamia timu ya mpira. Akachagua mpira. Basi mtu aliyekuwa amezitatua baadhi ya mishkili ngumu kabisa za fizikia ya zama zake akawa jioni husimama kando ya uwanja akiwaangalia vijana wakikimbia, ilhali katika mji mzima hakuwako mtu wa kuzungumza naye juu ya mambo yaliyokuwa yakimkosesha usingizi. Siku moja Wolfgang Pauli, bingwa mkubwa wa fizikia, alifika Bombay, akampelekea simu ya kumwita. Salam akaenda hima. Aliporudi alikuta mashitaka ya kutoroka kazini.

Mwaka 1954, baada ya fujo za mwaka uliotangulia dhidi ya jamaa ya kidini ya Ahmadiyya, ambayo naye alikuwa mfuasi wake, akarejea Cambridge. Lakini hakuwa na furaha, kwa kuwa alijua ya kuwa ameiacha nchi yake kwa ajili ya elimu yake. Akajiuliza: lau angalitokea mtu akamwambia ya kuwa kila mwaka, wakati wa likizo, atapewa nauli aende akafanye kazi miezi mitatu na wenzake katika mji wenye elimu hai, kisha miezi tisa iliyobaki akae Lahore akifundisha, je, angalihama? Jawabu lake lilikuwa kwamba asingalihama.

Mwaka 1960, huko Vienna, mbele ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, akapendekeza kijengwe kituo cha fizikia kwa ajili ya wataalamu wa nchi maskini. Mataifa makubwa aghalabu yalikataa. Salam amesimulia ya kuwa ujumbe mmoja uliifananisha fizikia ya nadharia na gari la Rolls-Royce, ukasema nchi changa zinahitaji gari la ng'ombe tu. Maneno hayo yananichoma mpaka leo, kwa sababu aliyeyasema bila shaka alidhani anatutakia heri. Lakini serikali ya Italia ikatoa fedha, mwanafizikia Paolo Budinich akaupigania mji wake wa Trieste, na mwezi wa Oktoba 1964 kituo kikafunguliwa huko, kando ya bahari ya Adriatic. UNESCO nayo ikaingia ubia mwaka 1970.

Kiini cha kazi yote, kwa maoni yangu, kilikuwa ni ule mpango wa Washirika, ambao mwanzoni ulisaidiwa na Wakfu wa Ford. Mshirika aliyeteuliwa hupewa idhini ya kufika Trieste mara kadhaa katika muda wa miaka michache, kila mara akikaa wiki sita au zaidi, hata miezi mitatu, kwa wakati anaouchagua mwenyewe, na kituo humlipia nauli na posho. Sharti lake ni zito: awe anaishi na kufanya kazi katika nchi inayoendelea. Hapo ndipo ilipo hekima ya Salam. Misaada mingi ilikuwa imewachukua vijana hodari wa Asia na Afrika isiwarudishe. Mpango huu uliifanya safari ya kurejea kuwa ndiyo dhamana ya safari nyingine ya kwenda. Kadhalika vyuo vilifungiana mkataba na kituo, vikapewa idadi ya siku kwa mwaka, vikamtuma mwalimu ambaye vyenyewe vilimtaka.

Salam alipata tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, akafariki mwaka 1996, na mwaka uliofuata kituo kikapewa jina lake. Mwaka 2018 tawi lake la Afrika Mashariki likafunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, hata mwanafunzi wa Dar es Salaam au Bujumbura aweza sasa kuifikia fizikia ya daraja ya juu pasipo kuvuka bahari.

Lakini mimi humfikiria zaidi yule mwalimu wa miaka ya sabini, siku ya mwisho ya wiki zake sita Trieste, upepo wa Bora ukivuma kwa nguvu kutoka milimani, naye akiufunga mkoba uliojaa nakala za makala ambazo maktaba ya chuo chake haina, na katika mfuko wa koti tiketi ya kurudi nyumbani.