Neno "kubali" pale Mwea

Mzee yule alikuja ofisini kwangu hapa Embu mwaka 2014. Usiku hakuwa akilala. Mimi, mshauri nasaha mwenye cheti kibichi, nikamwambia kama nilivyofundishwa: usipigane na hofu, ikubali. Akainuka, akachukua kofia yake. "Hata wewe?" akaniuliza.

Ilinibidi nirudi kwenye historia ya eneo hili ninakofanyia kazi. Enzi za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na uasi wa Mau Mau, uwanda wa Mwea ulikuwa Embu bado, Kirinyaga haijamegwa, nako kulikuwa na kambi za kizuizini: Thiba, Gathigiriri na nyinginezo. Waliozuiliwa walichimba mifereji ya mpunga. Mchele wa pishori tunaojivunia sikukuu una jasho lao. Kila mtu alipewa rangi, mweusi, kijivu au mweupe, na rangi ilififia kadiri alivyokiri kiapo cha uasi huo. Mwaka 1957, chini ya afisa wa kikoloni Terence Gavaghan, wagumu waliokataa kukiri waliletwa vikundi vidogo vidogo, wakachanganywa na waliokwisha kulegea, wakapigwa. Mzee yule alikuwa mmoja wao, na neno alilolisikia kwa kila kipigo lilikuwa moja: kubali.

Wataalamu wa akili nao walikuwa na mkono wao. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, aliiandikia serikali ripoti mwaka 1954, akaueleza uasi kwa akili ya Mwafrika kuliko kwa ardhi aliyonyang'anywa. Kukiri kukahesabiwa tiba.

Mwaka 2013 Uingereza ilisema inasikitika kwa mateso ya enzi hizo, ikalipa watu 5,228. Mzee hakuwamo. Redio ilitangaza, ndoto zikarudi.

Steven Hayes, Mmarekani aliyeasisi tiba ya kukubali niliyofundishwa, hakuwa na habari za Mwea, simlaumu. Aliyenikwamua ni Mwingereza, mwanasaikolojia Paul Gilbert. Yeye aliona wagonjwa wakijiambia maneno mazuri kwa sauti ya ukali, na maneno yasiwafae kitu. Kwa hiyo hushughulikia sauti kwanza: pumzi ya taratibu, kisha sura ya mtu mwenye huruma. Kwetu Meru huruma tunaiita kiao, na haidaiwi kwa fimbo.

Mzee aliporudi sikulitaja lile neno. Tulivuta pumzi, nikamwuliza ni nani aliyewahi kusema naye kwa upole kule kambini. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akamkumbuka mtu wa Igembe, kwetu Meru, jirani yake wa kulala Gathigiriri, aliyemmegea ugali usiku na kumnong'oneza: "Lala, ndugu yangu. Zamu ya kukesha ni yangu."