Mizani na Mnada: Historia ya Kukusanya Saa za Dhahabu

Saa ya zamani ya dhahabu ina bei mbili. Ya kwanza hutoka kwenye mizani ya sonara: mashine huchomolewa na kuwekwa kando, kasha hupimwa kwa gramu, na mwenye mali hulipwa kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo. Ya pili hutoka kwa mtu anayeitaka saa yenyewe, ikiwa nzima, pamoja na jina la fundi wake na alama za vidole vilivyoishika miaka mingi. Saa ya kubebwa ina karne tano sasa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo bei ya mizani ndiyo iliyotawala. Saa zisizohesabika zimeishia kwenye chungu cha kuyeyushia. Ukusanyaji ulianza pale walipotokea watu walio tayari kutoa zaidi ya mizani, na tangu hapo umekuwa ukipanda na kushuka kwa kadiri ya pengo la bei hizo mbili.

Saa za kwanza za kubebwa zilitengenezwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Jina linalotajwa sana ni la Peter Henlein, fundi wa kufuli wa Nuremberg, Ujerumani. Kilichoziwezesha ni kamani, utepe wa chuma unaosokotwa kwa ufunguo kisha ukajikunjua polepole na kuzungusha magurudumu, mahali pa vipande vizito vya chuma au mawe vilivyoning'inia chini ya saa za minara. Zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa, na hata huo haukuaminika. Tajiri aliyeinunua hakuihitaji ili ajue wakati. Kengele ya kanisa ilimtosha. Aliivaa shingoni kama kidani, na ndiyo maana kasha lilifuliwa kwa fedha, kwa dhahabu, au kwa shaba iliyopakwa dhahabu, likajazwa nakshi. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza matumizi ya kamani ndogo nyembamba kama unywele kwenye gurudumu linalopigapiga, na baada ya muda mfupi saa zikawa sahihi kiasi cha kustahili mshale wa dakika.

Mji uliokuja kutajwa pamoja na saa za dhahabu kuliko mwingine wowote ni Geneva, na sababu yake haikutarajiwa na mtu. Katikati ya karne ya 16 mji huo ulikuwa chini ya mafundisho makali ya John Calvin, na mapambo ya kujionyesha yalipigwa marufuku. Masonara waliozoea kufua misalaba na vikombe vya kanisani wakakosa kazi. Saa ilikuwa chombo chenye manufaa, kwa hiyo iliruhusiwa, nao wakahamishia ufundi wao huko. Mwaka 1601 mafundi saa wa Geneva waliunda chama chao cha ufundi, cha kwanza cha aina hiyo duniani. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipowanyima Waprotestanti haki ya kuabudu, wengi walikimbilia Geneva na London, na miongoni mwao walikuwamo mafundi saa. Hivyo sheria zilizokusudiwa kuwavua watu dhahabu ziliishia kuujenga mji unaoishi kwa kuiuza.

Uingereza, mtindo wa mavazi ndio uliobadili umbo la saa. Mfalme Charles II alianza kuvaa kizibao mwaka 1666, na saa ikahama kutoka shingoni hadi mfukoni. Ili ipenye, ikawa bapa na laini. Kwa zaidi ya miaka 100 Waingereza walipenda makasha mawili: la ndani, lisilo na mapambo mengi, lililoshika mashine, na la nje, lililofuliwa picha za miungu ya Kiyunani au visa vya Biblia. Kati ya makasha hayo mafundi walitia karatasi ya duara ili yasigongane. Upande mmoja wa karatasi ulichapwa jina la duka na mtaa. Upande wa pili fundi aliandika kwa wino tarehe ya matengenezo na gharama yake. Zipo saa zenye karatasi tatu au nne zilizobebana, kila moja ya fundi wake, na anayezisoma hufuata safari ya saa kutoka mji hadi mji. Kasha la nje, likiwa la dhahabu, ndilo lililouzwa kwanza mwenye saa alipoishiwa, kwani saa iliendelea kutembea bila hilo. Ndiyo maana makasha mengi ya ndani yamebaki leo bila wenzi wao.

Ufaransa ilishika njia ya wembamba. Jean-Antoine Lépine, katika miaka ya 1760, alipanga upya mashine ikawa nyembamba zaidi, na Abraham-Louis Breguet akaupeleka mtindo huo mbele: kasha bapa la dhahabu, uso wenye nakshi ndogondogo za mistari, na mishale miembamba yenye kiduara karibu na ncha. Kazi iliyobaki ilikuwa kuondoa ufunguo, uliopotea mara kwa mara na kuingiza vumbi kupitia tundu lake. Mwaka 1845 Adrien Philippe alipata hataza ya njia ya kujaza saa na kusogeza mishale kwa kifundo kilichoko juu ya kasha. Alishirikiana na Antoni Patek, Mpolandi aliyekimbilia Geneva, na tangu 1851 kampuni yao ikaitwa Patek, Philippe & Cie.

Mkusanyaji hawezi kwenda mbali bila kujua mihuri. Dhahabu safi ni laini mno kwa kasha, hivyo huchanganywa na shaba na fedha. Karati 18 ni sehemu 750 za dhahabu kati ya 1,000; karati 14 ni 585; karati 9 ni 375. Shaba ikizidi, rangi huelekea wekundu. Katika kasha la Kiingereza la karati 18 huonekana taji na tarakimu 18, muhuri wa mji uliolipima, na herufi iliyobadilishwa kila mwaka, kiasi kwamba mwaka wa kupimwa kasha unaweza kujulikana bila kutazama mashine. Uswisi, baada ya sheria ya 1880, ilitumia kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa karati 18, na kindi kwa karati 14. Mihuri hiyo ni midogo kuliko punje ya mchele, nayo husomwa kwa kioo cha kukuzia. Adui yake ni kung'arishwa. Kila kitambaa cha kusugulia huondoka na unga wa dhahabu, kingo za kasha hupoteza makali, na baada ya mara kadhaa Helvetia hana tena uso. Ndiyo sababu saa iliyofifia mara nyingi hununuliwa kwa bei kubwa kuliko ile inayometameta.

Marekani biashara ilikuwa tofauti, na ndiko mnunuzi asiye mwangalifu anakoumia zaidi. Aaron Dennison na wenzake walianza mwaka 1850, jirani na Boston, kutengeneza saa kwa mitambo, vipuri vya moja vikiingia katika nyingine. Kiwanda kilihamia Waltham mwaka 1854. Mnunuzi alichagua mashine kivyake na kasha kivyake dukani. Mwaka 1859 James Boss alipata hataza ya kasha lililofuliwa kwa bamba la metali hafifu lililobanwa kati ya mabamba mawili membamba ya dhahabu. Makasha hayo yalipigwa chapa ya dhamana: miaka 10, 20 au 25, yaani muda uliokadiriwa kabla dhahabu haijalika na shaba kuchungulia. Basi kasha lenye idadi ya miaka ndani ya mfuniko si la dhahabu tupu, hata kama kando yake pameandikwa karati 14. Wamarekani wengi wamerithi saa ya babu wakiamini ni dhahabu nzima, mpaka siku ilipofikishwa kwenye mizani.

Ukusanyaji kwa maana ya leo ulianza na matajiri wa mwisho wa karne ya 19. Mwenye benki J. P. Morgan alikusanya saa za karne ya 16 na 17, orodha yake ya kifahari ikachapwa mwaka 1912, na mwaka 1917 saa zake zikaingia jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. David Salomons wa Uingereza alishughulika na Breguet peke yake. Mwaka 1917 alinunua saa namba 160, iliyoagizwa 1783 kwa ajili ya Malkia Marie Antoinette na kukamilika 1827, malkia akiwa amekwisha kukatwa kichwa na Breguet mwenyewe amekwisha kufa. Urithi wa Salomons ulifika Jerusalem, katika jumba la makumbusho lililoanzishwa na bintiye. Mwaka 1983 mwizi mmoja aliiba humo saa zaidi ya 100, namba 160 ikiwamo, na kwa zaidi ya miaka 20 haikujulikana kama zimeyeyushwa au zingali nzima. Mwizi alikuwa amezificha. Baada ya kifo chake nyingi zilirudi, ile ya malkia ikiwa mojawapo.

Kundi jingine halikutafuta vya kale bali liliagiza vipya. Mtengeneza magari James Ward Packard na mwenye benki Henry Graves, wote Wamarekani, waliiagiza Geneva saa zenye kazi nyingi kupita za kawaida. Ya Graves, iliyoagizwa 1925 na kukabidhiwa 1933, ni saa ya mfukoni ya karati 18 yenye kazi 24, ikiwamo ramani ya nyota juu ya New York, na ina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Afrika nako alikuwako Mfalme Farouk wa Misri. Alipopinduliwa mwaka 1952, serikali mpya iliuza hazina zake kwa mnada Cairo mwaka 1954, na saa zake zikatawanyika.

Wakati huohuo mfuko ulikuwa ukishindwa na mkono. Kabla ya karne ya 20 saa ya mkono ilihesabiwa kuwa bangili ya wanawake. Cartier ilitengeneza moja mwaka 1904 kwa rubani Alberto Santos-Dumont, ila walioumaliza ubishi ni wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao wakiwa handakini hawakuwa na nafasi ya kupekua mfukoni. Vita hiyo iliyeyusha dhahabu pia: Ujerumani, raia walihimizwa kutoa mikufu ya saa na vito, wakapewa badala yake vya chuma. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya wakia kutoka dola 20.67 hadi 35, na kwa watu waliobanwa na dhiki ya miaka hiyo, saa ya mfukoni isiyovaliwa tena ilikuwa fedha taslimu.

Pigo kubwa lilikuja baadaye, kwa mambo mawili yaliyogongana. Siku ya Krismasi ya 1969 Seiko ya Japani iliuza saa ya kwanza ya mkono inayopima wakati kwa fuwele ya kwatzi na betri, ikiwa na kasha la dhahabu, kwa yeni 450,000. Katika miaka michache saa kama hizo zilikuwa rahisi, na za kamani zikaonekana kama masalia. Viwanda vya Uswisi vilivyoajiri watu karibu 90,000 mwaka 1970 vilibakiwa na takriban theluthi moja katikati ya miaka ya 1980. Dhahabu nayo, iliyofungwa kwenye dola 35 hadi 1971, ilifika dola 850 kwa wakia Januari 1980. Mashine haikuwa na mnunuzi; kasha lilikuwa nao wengi. Ni vigumu kufikiria kipindi kibaya zaidi kwa saa ya dhahabu. Mashine za viwanda vya Marekani vya Waltham na Elgin, na za Uswisi, zikiwa uchi ndani ya vikopo, bado zinauzwa hadi leo, na kila moja ni kaburi la kasha.

Walionunua saa nzima wakati huo, zilipokuwa zikidharauliwa, ndio waliookoa kilichobaki. Marekani walikuwa na chama chao tangu 1943. Geneva, Osvaldo Patrizzi alianzisha mwaka 1974 nyumba ya mnada wa saa iliyokuja kuitwa Antiquorum, na mwaka 1989 ikafanya mnada wa Patek Philippe pekee. Bei ya saa na bei ya mizani zikaachana vibaya. Saa ya Graves iliuzwa dola milioni 11 mwaka 1999, kisha zaidi ya faranga milioni 23 za Uswisi mwaka 2014. Patek Philippe yenyewe ilikuwa ikinunua saa zake za zamani, na mwaka 2001 ikazifungulia jumba la makumbusho.

Soko hilo lina kichekesho chake. Za Patek Philippe namba 1518, saa ya mkono iliyoanza 1941, zilitengenezwa 281, karibu zote za dhahabu. Nne tu zinajulikana za chuma cha pua, na mojawapo iliuzwa Geneva mwaka 2016 kwa faranga milioni 11, mara nyingi ya dada zake za dhahabu. Alama ndogo usoni nayo inaweza kuipita thamani ya kasha zima: Rolex za dhahabu zenye nembo ya jambia la Oman, zilizoagizwa kwa ajili ya zawadi za Sultan Qaboos, hugombewa kwa bei isiyofikiwa na za aina hiyohiyo zisizo na nembo.

Zinazofika mnadani ni chache. Saa ya mfukoni ya karati 18 ya fundi asiye na jina, iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1890 hivi, haina Marie Antoinette wala sultani wa kuitetea. Machi 2025 wakia ya dhahabu ilivuka dola 3,000, na saa za aina hiyo zikarudi mezani kwa sonara, ambako kinachoulizwa kwanza ni gramu.