Samaki wa Ubaoni na Samaki wa Ziwani

Nilisoma shule ya msingi mjini Babati mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku moja mwalimu wetu alichora samaki ubaoni, nasi tukaagizwa kunakili: mapezi, magamba, matamvua. Mwenzetu akauliza kwa nini kambale huvumilia kukaa nje ya maji ilhali perege hufa upesi. Akajibiwa kwamba swali hilo halimo katika muhtasari. Ziwa Babati, lenye samaki hao, halikuwa mbali na darasa letu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mwalimu yule. Historia imenifundisha kutafuta chanzo mbali zaidi.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa shule iliyomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Baada ya hapo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Miaka hiyohiyo Tanzania ilishiriki katika mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliowataka watoto wachunguze mbu, udongo na wadudu wa mchangani kwa mikono yao. Nia ilikuwepo, na mbinu ilikuwepo.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Lengo la elimu ya msingi kwa wote, lililopangwa kufikiwa 1989, likasogezwa hadi 1977. Ulikuwa uamuzi wa haki: mtoto wa mfugaji wa Mbugwe alistahili dawati sawa na mtoto wa Dar es Salaam. Lakini walimu hawakutosha. Makumi ya maelfu ya wahitimu wa darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Baadaye vita vya Kagera na mdororo wa uchumi vikakausha bajeti ya vitabu na vifaa. Mwalimu ambaye hajawahi kufanya jaribio angelisimamiaje? Alishika chaki, akachora samaki.

Hata hivyo, uhaba hauelezi kila kitu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Mwaka 1969 jambo hilo lilichapishwa katika jarida la fizikia, yeye na Dkt. Denis Osborne wakiwa waandishi, na wanasayansi wanalijadili hadi leo. Tatizo halikuwa kukosekana kwa maabara, bali ni hofu ya mwalimu mbele ya swali asilolijua.

Hofu hiyo ina gharama. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Manyara yana floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wengi wana meno ya kahawia, nao hukariri darasani kwamba maji safi hayana rangi wala harufu. Floraidi nayo haina rangi wala harufu.

Ndugu zangu mnaotunga mitaala na mitihani, kambale yule bado anasubiri jibu. Ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa. Nililijua hilo nikiwa mtu mzima. Mwenzangu aliacha shule kabla ya kulijua.