Ikrari ya Kituoni: Mwendo wa Sheria kutoka Madras hadi Pwani Yetu

Mwaka 1872, wakati wakuu wa serikali ya Kiingereza katika Bara Hindi walipokuwa wakijadiliana juu ya sheria ya mwenendo wa jinai, palizuka suala la kwa nini askari wa nchi ile walikuwa wepesi wa kuwatesa watu waliowashuku, na afisa mmoja aliyekuwa na uzoefu mwingi akajibu, kwa namna ambayo mwanasheria James Fitzjames Stephen aliikumbuka hata akaitia katika kitabu chake miaka mingi baadaye, kwamba sababu kubwa ilikuwa ni uvivu: kukaa kivulini na kumtia maskini wa Mungu pilipili machoni ni kazi nyepesi kuliko kuzunguka juani kutafuta ushahidi. Mimi sijaona, katika yote niliyosoma juu ya jambo hili, maelezo mafupi kuliko hayo wala ya kweli kuliko hayo. Hakusema kwamba askari yule alikuwa katili wa tabia, wala kwamba alimchukia mtuhumiwa; alisema tu kwamba jua lilikuwa kali.

Stephen ndiye aliyeandika Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka huo huo wa 1872, na ndani yake mlikuwa na vifungu vitatu vilivyofuatana, cha 25, cha 26 na cha 27, ambavyo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajapata kuvisikia ingawa babu zao walihukumiwa chini yake. Cha kwanza kilisema kwamba ungamo alilolitoa mtu mbele ya askari polisi halitathibitishwa dhidi yake mahakamani, liwe la kweli au la uwongo. Cha pili kilisema kwamba hata akiungama mbele ya mtu mwingine yeyote, maadamu yumo mikononi mwa polisi, neno lake halitafaa kitu ila likisemwa mbele ya hakimu. Cha tatu kikafungua dirisha dogo: kama maneno ya mahabusi yamewapeleka askari mahali wakakuta kitu, kama vile kisu kilichozikwa au mali iliyoibiwa, basi yale maneno yanayohusu kupatikana kwa kitu hicho yaweza kusikizwa.

Ukali huo haukutoka hewani. Miaka 17 kabla yake, mwaka 1855, tume iliyoundwa kuchunguza mateso katika jimbo la Madras ilitoa ripoti iliyowafedhehesha watawala wenyewe, kwa kuwa ilibainisha kwamba watumishi wa serikali, wakusanya kodi na walinzi wa amani pamoja, walikuwa wakiwabana raia vidole kwa koleo la mti, wakiwafunga shingo na miguu hata mtu akainama kama upinde kwa saa nzima juani, na kuwatia pilipili mahali ambapo adabu inanizuia kupataja. Mwaka 1861 katazo la ungamo la kituoni likaingizwa katika sheria ya mwenendo wa jinai, na Stephen akalikuta likiwa tayari, akalihamishia katika sheria yake ya ushahidi. Ni ajabu ya historia kwamba dola ile ile iliyomvika askari sare na kumpa rungu ndiyo iliyoandika, kwa wino wake yenyewe, kwamba askari huyo haaminiki.

Kutoka Bombay sheria hiyo ilivuka bahari kwa njia ile ile iliyopitwa na bidhaa, makarani na rupia. Unguja, rufani za mahakama ya balozi wa Kiingereza zilikuwa zikipelekwa Bombay. Kenya ililetewa sheria za Kihindi kwa amri ya mwaka 1897. Na Tanganyika, baada ya Mdachi kuondoka, ilizipokea mwaka 1920. Hapa pwani sheria hiyo haikuwa ngeni kabisa kwa maana, ijapokuwa ilikuwa ngeni kwa lugha. Makadhi walikuwa wakijua zamani kwamba ikrari ni hoja kubwa juu ya mwenye kuikiri, na kwamba sharti yake ni hiari, kwa kuwa neno la mtu aliyekalifishwa kwa kipigo au kwa kitisho, kwa rai ya wanazuoni walio wengi, halimfungi. Mzee wa Lamu au wa Bagamoyo aliyeambiwa kwamba serikali mpya haiamini ungamo la kituoni, naona angaliitikia kwa kichwa bila ya kuhitaji kufasiriwa.

Waingereza nyumbani kwao hawakuwa na katazo kama hilo; wao walimwamini askari wao, au walijifanya kumwamini, na mwaka 1912 majaji wao wakatunga kanuni zilizomtaka mpelelezi amwonye mtuhumiwa kabla ya kumhoji kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalolisema litaandikwa na laweza kutolewa ushahidi. Onyo hilo ndilo mzazi wa haya «maelezo ya onyo» ambayo leo hayakosekani katika jalada la kesi ya jinai Tanzania. Mwaka 1914 Baraza la Faragha la London, katika shauri la Ibrahim, askari wa kikosi cha Baluchistan aliyemwua mkuu wake huko Canton katika nchi ya China, likaweka msingi ambao mahakama zetu huutaja mpaka hivi leo: ungamo halikubaliwi ila upande wa mashtaka uthibitishe kwamba lilitoka kwa hiari, pasipo hofu ya madhara wala tamaa ya faida iliyotiwa na mwenye mamlaka. Ibrahim mwenyewe hakunufaika, kwani rufani yake ilitupwa. Walionufaika ni watu waliokuja nyuma yake, ambao wengi wao hawakujua jina lake.

Msingi ni jambo moja na nyumba ni jingine. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walihojiwa kambini na vituoni katika zoezi lililoitwa mchujo, na mwaka 1954, katika rufani ya Njuguna s/o Kimani na wenzake, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikumbusha kwamba ni wajibu wa kila jaji na hakimu kuyapima kwa uangalifu mkubwa mazingira yote ambamo ungamo limepatikana, hasa ikiwa mshitakiwa amekaa siku nyingi mikononi mwa polisi. Maneno mazuri, yaliyosemwa katika mwaka ambao mahakama za dharura zilikuwa zikiwapeleka watu kitanzini kwa kasi isiyopata kuonekana. Ilipita karibu miaka 60, hata mwezi Juni 2013, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri katika Bunge lake kwamba Wakenya waliteswa, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228.

Uhuru ulipokuja, kila nchi iliandika sheria yake ya ushahidi, Kenya mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967, na hapo ndugu hawa wawili walioachiwa urithi mmoja wakaanza kwenda njia mbalimbali. Kenya ililegeza mapema, ikaruhusu ungamo mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo. Tanzania ilishika katazo la zamani. Na bado katazo halikuwazuia watu wenye haraka. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa tuhuma za mauaji yaliyohusishwa na uchawi, wakateswa katika mahojiano, na baadhi yao wakafa. Mwezi Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika ingawa hakuna aliyedai kwamba mkono wake uligusa mtu, na waziri mwenzake Peter Siyovelwa akajiuzulu pamoja naye. Watanzania hulikumbuka tukio hili kwa ajili ya waziri, na ni haki kulikumbuka hivyo, kwa kuwa baadaye akawa Rais. Ila mimi huona kwamba waliokufa wamesahauliwa katika hadithi iliyo njema ya aliyejiuzulu.

Linalonishangaza zaidi ni lililofuata. Mwaka 1980, miaka mitatu tu baada ya kujiuzulu huko, Sheria Na. 19 ilikibadili kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi, na ungamo mbele ya polisi, ambalo lilikuwa limefungiwa mlango tangu zama za Stephen, likaruhusiwa madhali limetolewa kwa hiari. Kisha, kana kwamba ni kusawazisha mizani, Haki za Binadamu zikaingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ikampa mtuhumiwa kile ambacho mkoloni hakumpa: kuonywa, kuwasiliana na wakili, jamaa au rafiki, na muda wa kuhojiwa usiozidi saa nne tangu alipozuiliwa, ila ukiongezwa kwa taratibu.

Kenya ilipita upande mwingine. Katika miaka ya 1980, chini ya jengo la Nyayo House mjini Nairobi, waliotuhumiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, waliteswa katika vyumba vya giza na maji, na watesi wao wakapata hila iliyokizunguka kila kifungu cha sheria: hawakuhitaji ungamo la kituoni, kwani mtu alipelekwa mbele ya hakimu, pengine jioni saa za kazi zimekwisha, hana wakili, naye akakiri kosa mwenyewe kizimbani. Ni vigumu kumlaumu Stephen kwa hilo. Yeye alimweka hakimu kuwa kimbilio, hakufikiri kwamba kimbilio lenyewe laweza kutiwa mfukoni. Mwaka 2003, vyumba vile vilipofunguliwa watu wakaviona, Bunge nalo likapitisha kifungu cha 25A kinachokataa ungamo lisilotolewa mahakamani mbele ya jaji au hakimu. Mwaka 2007 kikalegezwa kidogo, kikamruhusu afisa asiyepungua cheo cha Inspekta Mkuu na asiye mpelelezi wa shauri hilo, mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 49, ikazitaja haki za aliyekamatwa moja moja.

Tanzania ugomvi huu leo hupiganwa kwa saa ya ukutani. Mwendesha mashtaka anapotaka kuyatoa maelezo ya onyo, na wakili akapinga, Mahakama Kuu huanzisha kesi ndani ya kesi; zamani, palipokuwa na wazee wa baraza, walitolewa nje wasije wakasikia kabla ya wakati. Swali la kwanza la wakili aghalabu si kama mteja wake alipigwa, kwani kipigo hakina shahidi ila aliyepiga na aliyepigwa. Humwuliza askari: mlimkamata saa ngapi? Kisha humwuliza: mlianza kuandika saa ngapi? Askari huinama kutazama karatasi yake, jaji hushika kalamu, na mshitakiwa, ambaye pengine hajui kwamba roho yake imening'inia katika tofauti ya tarakimu mbili, hutazama dirishani.